Mnyapara na Mbaazi Zetu

Mtaani kwetu Nangara tulimwita Mnyapara, jina ambalo hakulipenda wala hakulikataa. Alikuwa amesimamia vibarua wa barabara kwa miaka mingi, enzi za sururu na karai, na alipostaafu alirudi na jina hilo pamoja na kamba moja na fyekeo moja. Sitasimulia alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi, kwa sababu mimi nilimjua kama jirani tu, miaka kumi na minane. Katika miaka hiyo nilimchukia kwa muda mrefu kuliko nilivyompenda. Nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana namsifia bure.

Barabara yetu inaanzia kwenye lami, inateremka katikati ya nyumba zipatazo ishirini na kuishia kwenye mashine yangu ya kusaga. Nyuma ya mashine ni korongo. Kwenye ramani ya mji barabara ina upana wa mita kumi na mbili. Kwa macho ni udongo mwekundu na mtaro upande mmoja. Hatuna njia nyingine ya gurudumu. Ikifungwa kule juu, sisi wa chini tunabaki na kijia cha kando ya korongo ambacho wakati wa masika hata mbuzi hukikataa. Mgonjwa atabebwa mgongoni, na mashine yangu itakufa, maana hakuna mtu wa kujitwika gunia la mahindi kupita korongoni wakati mashine nyingine zipo mjini.

Mnyapara aliipenda barabara hiyo kuliko binadamu. Kamba yake ilikuwa ya katani, mita kumi na mbili kamili, yenye fundo kila baada ya mita moja. Mara mbili kwa mwaka alifunga ncha moja kwenye kigingi chini ya uzio wa upande huu, akaivuta mpaka uzio wa upande ule. Ncha isipofika ardhini kwa sababu ya ua wa mtu, ua ule ulikatwa. Hakubisha hodi. Aliwahi kukata michongoma ya mwinjilisti wa Kilutheri Jumapili asubuhi, mwenyewe akiwa kanisani, na Mnyapara akitokea misa ya kwanza ya Kikatoliki. Mwinjilisti aliporudi alimuuliza kwa upole kama hakuona siku nyingine ya kazi hiyo.

"Siku nyingine ungekuwepo, tungebishana," Mnyapara alisema. "Barabara haina ndugu."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kila siku. Barabara haina ndugu. Aliyasema kwa mwinjilisti, kwa dereva wa fuso aliyekanyaga mtaro, na kwa shemeji yake mwenyewe aliyerundika matofali mbele ya nyumba. Kwangu aliyasema mwaka wa pili wa ndoa yangu, alipofyeka michongoma yangu yote ya mbele, mita nzima, nami nimesimama na mtoto mgongoni. Sikumwamkia mwaka mzima baada ya hapo. Sidhani kama aliona tofauti.

Maana hata ukimwamkia, kazi ilikuwepo. Unasema shikamoo, yeye anaangalia mtaro, anaangalia Mlima Kwaraa kama una wingu, anakung'uta fyekeo, halafu ndipo "marahaba" inatoka, wewe umeshapita nyumba mbili. Vijana wa bodaboda walimpigia honi wampe lifti ya bure mpaka sokoni. Alikuwa akiwauliza nani amewaambia ana haraka. Mtu aliyetukatia michongoma yetu kwa ajili ya magari hakupanda gari hata siku moja machoni pangu. Aliyaona magari kuwa ni uvivu wenye kelele, lakini yalipokwama alikuwa wa kwanza kufika na mawe ya kuweka chini ya tairi.

Baba Neema, mume wangu, alipofariki, mashine ilikaa kimya wiki tatu. Nilipoiwasha tena wateja walikuwa wamezoea kwingine. Mnyapara akaanza kuja kila asubuhi na mahindi kidogo, kopo moja, makopo mawili, anasaga, anaondoka. Mke wake aliniambia baadaye kwamba ndani walikuwa na unga wa kutosha mpaka Pasaka. Nilipomuuliza, alinijibu kwa ukali kwamba mashine isiyonguruma watu huisahau, na mashine ikisahauliwa barabara hukosa kazi. Nilitaka kumshukuru, nikashindwa pa kuanzia.

Sasa nifike kwenye mbaazi.

Kila mtu wa huku analima mbaazi, na zikishapurwa lazima zianikwe. Nyua zetu ni ndogo, zina kuku na zina kivuli. Sehemu pana yenye jua la kutosha ni barabara. Mnyapara aliliona hilo, na badala ya kugombana na nyumba ishirini alitunga sheria. Wakati wa mavuno alipita na kamba akimgawia kila mwenye nyumba kipande chake, upande usio na mtaro peke yake, mafundo sita. Mafundo sita ya upande wa mtaro yalikuwa ya magurudumu. Turubai likivuka fundo la sita, alilikunja yeye mwenyewe, mbaazi zikamwagika, na mwenye turubai akaziokota punje kwa punje. Tulilalamika, lakini hapakuwa na ugomvi wa mpaka katika mtaa mzima, na bajaji zilishuka mpaka kwangu siku zote.

Mwaka ule mbaazi zilikuwa nyingi ajabu. Na mashine yangu ilikuwa imevunjika shafti, nimeipeleka Arusha kuchongwa, kwa hiyo hakuna gari wala bajaji iliyokuwa na shughuli ya kushuka. Mawingu yakaanza kukaa Kwaraa kabla ya wakati wake. Wanawake wa mtaa walikutana kwangu wakaniomba niende kwa Mnyapara, wakidhani mimi nina nafasi kwake tangu yale makopo ya mahindi. Nilimkuta anakamua ng'ombe.

"Shikamoo, Mnyapara."

Akamaliza chuchu moja, akahamia nyingine. "Marahaba."

"Mvua inakuja. Tunaomba tuanike upana wote, siku tatu tu. Mashine yangu mbovu, gari gani litashuka?"

Aligeuka akatazama wingu la Kwaraa. Kisha akasema, "Siku tatu. Ya nne nakunja mwenyewe."

Nilirudi kwetu nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Katika miaka yote hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikubali kitu. Asubuhi yake barabara ilifunikwa kutoka uzio mpaka uzio, na watoto wakakatazwa hata kukimbia.

Siku ya pili gari jeupe lilisimama kule juu kwenye lami. Walishuka watu watatu, mmoja ameshika faili. Mnyapara alikuwa shambani. Mimi nilikuwa nimepanda karibu na huko juu kufuata upepo, nikipepeta kwa ungo, nikaona watu wasafi wanaangalia mbaazi zetu kwa makini, nikajua ni wanunuzi. Nani mwingine angeangalia mbaazi kwa makini namna ile? Nikawapungia mkono kwa furaha.

"Karibuni. Egesheni hapo hapo, huku gari haipiti."

"Haipiti kabisa?" yule mwenye faili aliuliza.

"Haipiti, baba. Njooni kwa miguu muone mzigo."

Walikuja. Niliwapa mbaazi za kuchemsha kwenye bakuli, wakala, wakashukuru, wakapiga picha. Hawakuuliza bei. Nilishangaa kidogo, halafu nikasahau.

Mwezi uliofuata tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Mwenye viwanja viwili vya juu, kimoja kushoto na kimoja kulia mwa barabara, alikuwa ameomba mji uiachie ile barabara, yaani iache kuwa ya umma, ili aviunganishe ajenge ghala. Sisemi alikuwa mtu mbaya, aliomba kama anavyoomba mtu yeyote. Maofisa walikuja kukagua, wakaona barabara haitumiki. Kwa hiyo mji ulikuwa unakusudia kuiachia, na mwenye pingamizi afike kwenye mkutano. Nilisoma tangazo lile mara mbili, na mara ya pili nikakumbuka bakuli langu na yule mwenye faili.

Sikumwambia mtu.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa, asubuhi, viti vya plastiki havikutosha. Ofisa alikuwa binti mpole, hakuwa mmoja wa wale watatu. Watu wetu walizungumza vizuri. Mwinjilisti alizungumzia wagonjwa, mwenyekiti wa mtaa akazungumzia majeneza, na kijana wa bodaboda akasema yeye peke yake hushuka mara kumi kwa siku. Binti alisikiliza yote, akaandika yote. Halafu akafungua faili akatoa picha, ikapita mkono kwa mkono.

Ilipofika kwangu niliiona barabara yetu imefunikwa maturubai pande zote mbili, hata alama ya tairi hakuna. Pembeni kulikuwa na mwanamke ameinama na ungo, uso hauonekani. Kitenge nilikifahamu. Nilimpa jirani haraka.

"Taarifa inasema hivi," binti alisoma. "Wakazi wameigeuza njia kuwa uwanja wa kuanikia. Mkazi mmoja alitueleza kwamba gari haipiti kabisa." Akainua macho. "Sasa mnisaidie. Nani aliifunga barabara? Na ni nani aliyesema gari haipiti?"

Watu waligeukiana. Nilisikia mwenyekiti akivuta pumzi. Wanawake waliokuwa wamenituma kwa Mnyapara waliangalia chini, na mimi nikajua kwamba nikisimama, kila jicho pale litakuwa juu yangu, na baada ya macho yatafuata magunia. Nani angesaga kwa mwanamke aliyeuza njia ya mtaa kwa bakuli la mbaazi?

Mnyapara alisimama kule nyuma. Alikuwa ameishika kamba yake, ameikunja vizuri.

"Barabara niliifunga mimi," alisema. "Siku tatu, kwa ajili ya mvua. Hakuna mwingine mwenye amri ya kuifunga."

"Na aliyesema gari haipiti?"

"Ni mimi pia."

Mtu huyu nilimjua kwa miaka kumi na minane na sikuwahi kumsikia akidanganya, hata ule uongo mdogo wa kumwambia mgonjwa kwamba amependeza. Siku ile alisema uongo mbele ya mtaa mzima, akatazama mbele. Nilikuwa na miguu mizima na ulimi mzima, nikakaa.

Fujo iliyofuata sipendi kuikumbuka. Shemeji yake wa matofali alisimama akasema kwamba mtu ametukatia michongoma yetu miaka yote kumbe ndiye mwenye kutuuza. Wengine wakasema mabaya zaidi. Binti aligonga meza. Akasema pingamizi limepokelewa na uamuzi utasubiri, kwani wenzake watarudi kukagua tena bila kutoa taarifa. Wakikuta barabara inatumika, itabaki. Wakiikuta kama ilivyo kwenye picha, itaachiwa. Mnyapara alimfuata mwenyekiti, akamkabidhi kamba bila neno, akaondoka kwa njia ya kushoto, upande wa korongo.

Tangu siku hiyo hakukanyaga barabara. Nyumba yake iko katikati ya mteremko, hatua ishirini kutoka kwenye mtaro aliouchimba mwenyewe, lakini alitoka kwa mlango wa nyuma, akashuka kwenye kijia cha korongo, akazunguka mpaka lami. Kwenda kanisani, kwenda sokoni, kwenda kliniki ya presha, alipita huko. Watu walisema ni aibu. Vijana walimwita Mfunga Njia, na watoto waliacha kumwamkia, jambo ambalo sikuwahi kufikiri nitaliona mtaani kwetu.

Sisi wengine tulikuwa na kazi. Shafti ilirudi kutoka Arusha, mashine ikanguruma, na mtaa mzima ukaazimia kwamba barabara lazima ionekane ina magari. Bajaji zilishuka na abiria mmoja mwenye kilo mbili za mahindi. Mjomba wa mtu alileta kenta tupu, akaiteremsha, akaigeuza, akaipandisha, kila Ijumaa, kwa sababu mtu alisema maofisa hupenda Ijumaa. Kila gari jeupe lilipopunguza mwendo kwenye lami nilinyoosha shingo kutazama mpaka unga ukamwagika nje ya gunia. Sikuwahi kuwa na wateja wengi kama miezi ile. Siku moja kijana kwenye foleni alisema, "Yule mzee angetuua." Nikafunga mdomo wa gunia lake, nikafunga na wangu.

Barua ilikuja masika hayajaisha. Maofisa walikuwa wamepita mara mbili bila sisi kujua, wakaona magari yanashuka, na barabara inabaki kuwa ya umma. Wanawake walipiga vigelegele mpaka kwenye lami. Mimi nilipiga pia, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

Alasiri ileile nilishuka korongoni. Nilimkuta kwenye ule ukingo mbaya, suruali imelowa tope mpaka magotini, anatafuta pa kuweka fimbo. Alikuwa ametoka kliniki. Alionekana mdogo kuliko nilivyomzoea.

"Shikamoo, Mnyapara."

Fimbo ilipata jiwe. "Marahaba."

"Barua imekuja. Barabara imebaki."

"Nimesikia vigelegele."

"Sasa kwa nini unapita huku?"

"Nilisema mbele ya watu niliifunga. Mtu aliyefunga barabara apite wapi?"

Nilianza kulia, na nilikasirika kwamba nalia. "Niliyekuomba siku tatu ni mimi. Niliyewaambia gari haipiti ni mimi. Wewe ulikuwa shamba."

"Najua. Mke wangu alikuona ukiwapa mbaazi."

"Basi kwa nini ulinificha?"

"Nani amekuficha wewe?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe una mashine. Watu wangekukasirikia, wangepeleka mahindi kwingine. Magari yasingeshuka. Wale wakirudi wangekuta nini? Nilificha mashine."

Neno hilo liliniingia vibaya. Miezi yote nilikuwa nikibeba deni la huruma yake, kumbe huruma haikuwepo. "Yaani mimi si kitu."

"Barabara haina ndugu, Mama Neema." Alivuta mguu mmoja kutoka kwenye tope, akapumzika. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lakini ule uongo umenichoma. Sijauzoea. Nimeungama, padri akanipa sala chache. Nimeona hazitoshi. Nikaongeza na korongo."

Nilitaka kumshika mkono, akakataa, akauweka kwenye mti.

"Nitawaambia," nilisema.

"Mdomo ni wako," alijibu, na akaendelea kupanda.

Niliwaambia Jumamosi, siku ambayo foleni hufika barabarani. Nilizima mashine. Walidhani dizeli imekwisha. Nikasimama mlangoni, unga nywele nzima, nikasema yote, kuanzia chuchu za ng'ombe mpaka bakuli la mbaazi, na kwamba mzee alidanganya ili mashine isikimbiwe, na mashine isikimbiwe ili barabara ipone. Bibi mmoja, ambaye nimemsagia tangu nimeolewa, aliniuliza taratibu, "Na umekaa nalo miezi yote hii, ukitusagia?" Nikasema ndiyo. Alijitwisha debe lake akaondoka. Wawili wakamfuata. Waliobaki walisagiwa bila kunitazama usoni, na mmoja wao alikuwa mwenyekiti wa mtaa. Alipopokea unga wake hakwenda nyumbani. Niliona ameelekea ofisini, na baadaye nikaambiwa aliingia na kutoka na kamba.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nafagia mbele ya mashine. Nilisikia bajaji ikipiga honi kule juu, ikapiga tena, kama mbele yake kuna mtu asiyetaka kupisha. Nikainua kichwa. Mnyapara alikuwa anateremka katikati kabisa ya barabara, kamba begani, bajaji nyuma yake kama ng'ombe anayechungwa. Watu walitoka kwenye nyua zao. Mwinjilisti alisimama kwenye ua wake akavua kofia. Mnyapara hakumtazama mtu.

Alifika mbele ya uzio wangu, akafunga ncha moja kwenye kigingi, akaja kunipa ncha ya pili. Hakuwa amewahi kumpa mtu ncha ya kamba ile.

"Shika. Nenda nayo upande ule."

Nilivuka barabara, nikainama, nikavuta. Michongoma yangu ilikuwa imestawi sana na mvua za masika, imeinuka na kuinyanyua kamba, na ncha haikufika chini. Ilipungua kama shubiri moja.

"Imeingia," alisema kutoka ng'ambo.

"Nimeona."

"Panga liko wapi?"

"Liko ndani. Nitakata mwenyewe." Ndipo nikakumbuka kwamba nimepokea kamba ya mzee bila kumwamkia, mbele ya mtaa mzima uliosimama ukitazama. Nikasimama wima. "Shikamoo, Mnyapara."

"Marahaba," alisema palepale. "Vuta vizuri, kamba imelegea."